Kibanja cha Katibu

Kundi letu la simu, la sisi tuliosoma pamoja chuo cha ualimu, lina watu thelathini na mmoja, na kati yao kumi na tisa ni viongozi. Tuna Mwenyekiti, Makamu wawili, Mlezi, Mshauri wa Mlezi, na Mratibu wa Kanda ambayo mwanachama wake ni yeye mwenyewe. Uchaguzi wa Makamu wa Pili, mwaka juzi, ulichukua siku mbili nzima. Watu walinuniana, wawili wakajitoa kwenye kundi na kurudishwa kwa kubembelezwa, na mimi niliyesimamia kura sikupokea simu ya mtu yeyote mpaka mshindi alipotangazwa. Mimi ndiye Katibu. Nilichaguliwa siku simu yangu ikiwa haina chaji.

Sisi Wahaya tunasemwa kwamba tukisoma kidogo lazima dunia nzima ijulishwe, ndiyo maana wenzetu hutuita nshomile, yaani nimesoma. Wanatuonea, lakini si sana. Katika kundi letu hakuna anayeitwa kwa jina alilopewa na wazazi. Aliyekaimu uafisa elimu wa wilaya kwa miezi minane ni Mheshimiwa mpaka leo, naye ndiye Mwenyekiti. Aliyefundisha muhula mmoja katika chuo kikuu fulani ni Profesa, na akikosea kuandika neno tunanyamaza. Kila asubuhi tunatumiana picha za waridi zenye maneno ya baraka. Mtu akifiwa na shemeji yake huko Dodoma, marehemu hajatolewa hospitali mimi nimeshaandika rambirambi na watu ishirini wameshaweka alama ya mikono iliyofumbatwa. Niliifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko nilivyowahi kusahihisha madaftari, na nilidhani huko ndiko kupendana.

Sasa niseme dhambi yangu mapema, maana bila hiyo hakuna cha kusimulia.

Ninaishi Kitendaguro, kwenye nyumba ya bati la bluu, na nyuma ya bafu nina migomba mitatu ambayo mmoja umeshapata mnyauko. Hilo ndilo shamba langu lote. Kibanja cha baba yangu, upande wa Kamachumu, nilikiuza ili nimalizie nyumba hii. Kwa mtu asiye wa kwetu, kibanja kitaonekana ni migomba na kahawa kuzunguka nyumba. Kwetu ni zaidi ya hapo. Humo ndimo baba anazikwa, na babu, na ndimo wewe utazikwa. Mhaya aliyeuza kibanja cha baba yake hulitaja jambo hilo mara chache kama mtu anavyotaja kifungo. Kaburi la baba yangu sasa liko nyuma ya uzio wa mtu mwingine, na nikitaka kulisalimia lazima nibishe hodi.

Mtu mmoja tu wa chuo alijua. Huyo hakuwa kwenye kundi, kwa sababu simu yake ni kitochi kinachofungwa kwa mpira. Chuoni alikuwa wa kwanza darasani miaka yote miwili, na pia ndiye aliyekuwa mpiga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, naye alikuwa na mpigo wake: mbili za taratibu, kisha tatu za haraka. Tulilala vitanda vilivyopakana. Mwaka wa mwisho tulitaka kuwa ndugu kama wazee wa zamani, waliokula omukago kwa kugawana kahawa yenye damu. Damu tuliiogopa, tena tulikuwa Wakatoliki, basi tukachukua tunda moja la kahawa, tukalipasua, akatafuna punje moja na mimi nyingine. Baadaye nilikuwa msimamizi wa arusi yake. Alifundisha miaka michache, baba yake akafa, akarudi Nshamba kurithi kibanja, na huko akabaki.

Nilipouza kibanja hakunisema. Mwezi uliofuata basi la kutoka Nshamba lilishusha mkungu wa ndizi wenye jina langu, umefungwa kwa majani makavu kama mtoto anayepelekwa kliniki. Na mwezi mwingine tena, na mwingine tena, miaka yote hiyo. Nshakala, ndizi zetu za kupika, zilizokomaa barabara, vidole vya kuweza kuhesabiwa na jirani kwa wivu. Siku moja niliupiga picha mkungu ule ukiwa umeegemea ukuta wangu, nikautuma kwenye kundi nikaandika, "Za shambani." Sikuandika shamba la nani. Zilikuja sifa ambazo sijawahi kupata tangu nizaliwe. Profesa akasema Katibu ni mfano wa mstaafu wa kisasa. Kuanzia hapo, kila mkungu uliofika ulipigwa picha kabla haujamenywa, na ile "Za shambani" ikawa "Za shambani kwangu". Uongo nao hunenepa kwa ndizi.

Miaka miwili hii ya mwisho mikungu ilikuwa imeharibika. Ilikuja michanga, vidole vyembamba, ukipika ndizi zinakuwa ngumu, na imefungwa ovyo kwa kamba ya plastiki. Mke wangu alinung'unika, nami nikanung'unika zaidi. Nilisema mwenzetu amezeeka, au amekuwa mchoyo, nzuri anauza na mbaya ananiletea mimi. Kwenye picha nilijifunza kuigeuza upande ulionona.

Mara moja Dada Mkuu wetu wa zamani, anayeishi Dar es Salaam, aliuliza kwenye kundi yule mpiga kengele yuko wapi. Mtu akajibu alisikia alikwenda visiwani kuvua akapotelea huko. Yakatumwa machozi matatu, kisha ikawa ni siku ya kuzaliwa ya Makamu wa Kwanza. Mimi Katibu niliyajua makazi yake, nilikuwa nimeshiba ndizi zake mchana huo huo. Nilikaa kimya, maana swali la pili lingekuwa ni la ndizi.

Kisha kundi likaamua kukutana. Miaka thelathini na kitu tangu tumalize chuo, na mahali pakapendekezwa na Mwenyekiti mwenyewe: Bukoba kwa misa, halafu siku ya pili nzima kibanjani kwa Katibu, tule ndizi pale pale zinapotoka. Watu ishirini na sita waliunga mkono ndani ya saa moja. Nilijaribu kusema mvua zinaharibu barabara. Profesa akaleta utabiri wa hali ya hewa.

Nilikwenda Nshamba. Nilikuwa sijafika kwake miaka sita, na ni mwendo wa asubuhi tu. Nilimkuta anapalilia kahawa, mabuti ya mpira miguuni, meno ya mbele hayapo, kofia ya sufu kichwani ingawa jua lilikuwa kali. Alifurahi mpaka akaangusha jembe. Aliniketisha ndani kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni kikwetu, akaniletea mwenyewe kikapu kidogo cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kisha akaingia jikoni mwenyewe, akatoka na chai mwenyewe. Nilidhani mkewe ameenda kwa binti yao, au sokoni. Sikuuliza. Nilikuwa na ombi kichwani, na mwenye ombi haoni vingine.

Nilimweleza yote huku nikitazama nyasi. Nilimwomba anipe kibanja kwa siku moja, na kama haitakuwa taabu, siku hiyo aende zake Muleba mjini atembee. Alitafuna kahawa yake taratibu.

"Nami napenda kuwaona," alisema. "Niweke popote, lakini niwepo."

Nikamweka kuwa mtunza shamba. Ndiyo, mimi huyu, nilimwambia mtu aliyekuwa wa kwanza darasani awe mtunza shamba katika kibanja cha baba yake, na nikaona nimelitatua jambo vizuri. Alikubali. Aliniuliza tu kama watakuja wote, na kama yule Dada Mkuu naye atakuja.

Walikuja watu kumi na wanne kwa Coaster ya kukodi, wote katika fulana zenye maneno "Undugu Wetu Haufi" mgongoni. Wanawake walikuwa na kofia pana, wanaume walikuwa na vitambi vya heshima. Mwenyekiti aliposhuka alivuta pumzi akasema hewa ya shamba la mtu mwenye akili hujulikana. Mtunza shamba wangu alisimama mlangoni amevua kofia. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe lililopigwa pasi, na nilipoliona shati hilo nikahisi vibaya kidogo, kwa sababu mtunza shamba havai hivyo. Alimpa kila mmoja mkono kwa mikono miwili, akamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mheshimiwa alimpa mkono huku anazungumza na simu. Profesa alimwuliza choo kiko wapi. Dada Mkuu, ambaye chuoni aliwahi kuandikiwa na yeye insha mbili nzima za Saikolojia, alimpa mfuko wake ashike.

Niliwatembeza. Niliongea habari za mbolea ya samadi na matandazo, mambo niliyokuwa nimeyakariri usiku, na nilipokwama nilimgeukia yeye nikasema mweleze Profesa. Akaeleza. Alieleza vizuri kiasi kwamba Mwenyekiti alininong'oneza nisimwachie mtu huyu aondoke, watunza shamba wenye akili ni wachache siku hizi. Walimpa simu zao awapige picha. Alikuwa hajui kushika simu kubwa, akakata vichwa vyao katika picha tatu, wakacheka, wakamwelekeza polepole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Chakula kilipokuwa tayari alikwenda nyuma ya jiko palipokuwa na bamba la jembe kuukuu limening'inizwa kwenye mti. Akaligonga kwa panga. Mbili za taratibu, kisha tatu za haraka.

Watu kumi na wanne waliinuka kwa pamoja. Naapa waliinuka kabla hawajajua wanainuka, na wengine walianza kupanga mstari. Mwenyekiti alicheka akasema aisee Katibu, kwako kuna nidhamu, kengele hii imenikumbusha mbali. Kisha akauliza kama pilipili ipo. Nilimtazama mwenzangu pale chini ya mti. Bado alikuwa ameshika panga, anawatazama mmoja mmoja wakinawa mikono, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kuitwa jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Hakuna aliyegeuka. Aliweka panga chini akaenda kuleta pilipili.

Hapo nilitaka kusema. Nilitaka kweli. Lakini ndizi zilikuwa zimeiva barabara, nyama ya mbuzi ilikuwa laini, na watu walikuwa wakinisifu, na sifa ukiwa unazila ni vigumu kufungua mdomo kwa jambo jingine.

Baada ya kula Dada Mkuu, ambaye ni mtu wa jumuiya na rozari, akasema hatuwezi kuondoka Buhaya bila kusali makaburini kwa wazazi wa mwenyeji. Wote wakaitikia. Kwa makaburi nilikuwa nimejiandaa. Nilijua yako nyuma, chini ya migomba ya zamani, mawe matupu yasiyo na maandishi, na nilikuwa nimejiambia kwamba baba ni baba, marehemu hatanishitaki. Tukaenda. Nikasimama mbele ya mawe ya baba yake mwenzangu nikasema, huyu ni mzee wangu.

Kando ya mawe yale palikuwa na kaburi la saruji. Jipya. Lilikuwa na msalaba wa chuma, maua ya kweli yaliyopandwa yakamwagiliwa, na jina la ubatizo la mwanamke. Nililisoma mara mbili. Nilikuwa nimelisikia jina hilo likisomwa kanisani siku niliposimama nyuma ya bwana arusi nikiwa nimeshika pete mbili mfukoni. Chini yake palikuwa na tarehe ya mwaka juzi.

"Na huyu ni nani, Katibu?" Mwenyekiti aliuliza.

Nilitazama msalaba, nikatazama maua. Mwenzangu alikuwa nyuma ya wote, ameshika mfuko wa Dada Mkuu, na ni yeye aliyejibu, kwa upole, kwa kuwa aliona siwezi.

"Ni mke wangu," alisema.

Walimpa pole. Walimpa pole nyingi, watu wema wote. Dada Mkuu alitoa kitambaa. Kisha Mwenyekiti akaweka mkono begani kwangu akawageukia wenzake, sauti yake ikiwa ile ya mikutano, akasema ndugu zangu mmeona wenyewe, mwenzetu amemruhusu mfanyakazi wake amzike mkewe ndani ya kibanja chake, kando ya baba yake mzazi. Akasema ni wangapi leo wangefanya hivyo. Akasema huu ndio utu tuliofundishwa chuoni. Profesa akaanza kupiga makofi, akakumbuka yuko makaburini, akaacha.

Nimeaibika mara nyingi maishani, lakini si kwa kusifiwa.

Nikawaambia. Sikupanga maneno. Nilisema kibanja hiki si changu, sina kibanja, cha baba nilikiuza. Nilisema ndizi zote mlizoziona miaka yote hii ni za huyu mliyempa mifuko awashikie. Nilisema ni mwenzetu, ndiye aliyekuwa akitupigia kengele, na ametupigia leo tukaenda kunawa.

Dada Mkuu alichukua mfuko wake mikononi mwa mwenzangu taratibu, akamtazama, akaziba mdomo. Mwenyekiti alikohoa. Akamwuliza mwenzangu, kwa sauti ya kulaumu kidogo maana watu wakubwa wakikosea hulaumu, kwa nini basi hakusema tangu asubuhi.

"Nilingoja mmoja wenu aniulize jina," alijibu.

Yaliyofuata ni ya kundi letu hasa. Kulikuwa na kukumbatiana, kulikuwa na picha nyingi, safari hii yeye akiwa katikati na dereva ndiye mpigaji. Mwenyekiti alimteua pale pale kuwa Mlezi wa Heshima, na Profesa akataka namba yake amwunganishe na kundi, akaonyeshwa kitochi. Ilipofika saa tisa Coaster ikapiga honi. Wakapanda. Nilisikia baadaye kwamba walikaa kimya mpaka Muhutwe, kisha mtu akatuma waridi.

Mimi sikupanda. Nilibaki nimekaa kwenye ukingo wa kaburi la shemeji yangu, na mwenzangu akaja akakaa upande wa pili. Nilimwambia nimekuja kukaa matanga. Alisema matanga yalianuliwa zamani. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, ingawa jibu nilikuwa nimeanza kulijua.

"Nilikupigia mara tatu," alisema. "Halafu nikawa na mambo ya kuchimba."

Zilikuwa zile siku mbili za uchaguzi wa Makamu wa Pili. Niliiona namba yake baadaye, nikasema nitampigia, na uchaguzi ulikuwa na rufaa. Nililia, sioni haya kuandika. Alinisubiri nimalize. Kisha akaniambia, kama mtu anayeomba radhi, kwamba anajua mikungu anayonitumia siku hizi si mizuri. Ile ya zamani alikuwa akiichagua mkewe. Mke ndiye aliyejua kubonyeza mkungu akajua umekomaa, mke ndiye aliyeufunga, na kila mwezi alipita migombani akisema wa mwenzetu asiye na kibanja ni huu. Alisema hivyo hata mwezi wa mwisho, akiwa anatembea kwa fimbo.

"Mimi sijui kuchagua," alisema. "Nakata tu ule ninaoufikia, nisije nikaukosa mwezi."

Niliondoka kesho yake, baada ya kupalilia naye mistari miwili ya kahawa, vibaya. Kwenye kundi nilijiuzulu ukatibu. Wakaunda kamati ya kunishawishi.

Mwezi uliofuata basi la Nshamba lilishusha mkungu wenye jina langu, umefungwa kwa kamba ya plastiki. Ulikuwa mchanga, vidole kama vya mtoto. Mimi na mke wangu tuliumenya wote, tukaupika, tukaula mpaka ndizi ya mwisho, na sikuupiga picha.